Mahame ya Qalhat na Jina la Bibi



Katika sebule ya nyumba ya ami yangu, hapa Maskati, imetundikwa shajara ya ukoo wetu. Imeandikwa kwa khati nzuri ya Kiarabu juu ya karatasi ambayo sasa imegeuka rangi ya chai, nayo imetiwa ndani ya fremu ya kioo. Shina lake ni jina la mzee wetu aliyetoka Sharqiya kwenda Unguja. Matawi yake ni wanawe na wajukuu zake, na vikonyo vyake ni sisi tuliorudi. Nimeyahesabu majina yote: ni sitini na matatu. Yote ni ya wanaume.

Mwaka jana ukoo ulikubaliana kuiandika upya shajara hii, kwa sababu watoto wamezaliwa Maskati, Dubai na Uingereza, na nafasi katika karatasi ya zamani imekwisha. Shangazi yangu, ambaye anakaribia miaka themanini, akaomba jambo moja tu: liandikwe na jina la mama yake babu. Ami akakataa kwa upole. Akasema, "Dada, shajara ni ya nasaba, na nasaba hufuata baba." Shangazi hakubishana. Alijibu, "Haya. Lakini yeye ndiye aliyemzaa." Sote tuliokuwapo tulijua kwa nini jambo lile lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Mama yake babu alikuwa suria.

Nimeona niwasimulie yaliyofuata, kwa kuwa najua katika nyumba zenu nyingi, ziwe za Maskati au Mombasa, Unguja au Toronto, imo shajara kama hiyo, na nje ya fremu yake yuko mtu kama huyo.

Wiki chache baadaye tulialikwa arusi Sur. Nikawachukua ami na shangazi kwa gari, tukaondoka Maskati baada ya sala ya alfajiri. Njia hupita Quriyat, kisha hufuata pwani: milima mikavu mkono wa kulia, bahari mkono wa kushoto. Tukapita Bimma, tukapita Tiwi na mitende yake, na kabla ya kufika Sur, mahali ambapo mlima unakaribia sana bahari, nikasimamisha gari. Ami akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Ami, hapa ndipo Qalhat." Alikuwa amelisikia jina hilo maisha yake yote, wala hakuwa amewahi kushuka garini kulitazama.

Mpita njia asiyejua angedhani ni marundo ya mawe tu. Ardhi ni mteremko unaoshuka kutoka miguuni mwa mlima mpaka pwani, na upande mmoja unakatwa na wadi. Juu ya mteremko huo ulijengwa mji wa ukubwa wa hekta 35 hivi, uliozungushiwa kuta, na nje ya kuta yako makaburi. Mlima wenyewe ulikuwa ngome ya nyuma. Mbele ilikuwapo bahari. Baina ya karne ya 11 na ya 15 Qalhat ilikuwa bandari kubwa ya pwani hii, na chini ya wafalme wa Hormuz ilikuwa mji wa pili wa ufalme wao. Marco Polo, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 13, alieleza jinsi farasi wengi walivyopakiwa hapa kupelekwa Bara Hindi, na jinsi mfalme wa Hormuz alivyokuwa akikimbilia hapa pindi alipotishwa na adui. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza mahame haya katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika sababu zake ikataja ushahidi wa biashara iliyoiunganisha pwani hii na Afrika Mashariki, India, China na Asia ya Kusini-mashariki.

Afrika Mashariki ndiyo iliyotajwa mwanzo. Nilimsomea ami maneno hayo katika simu yangu, naye akanyamaza kidogo. Sisi tumezoea kuihesabu historia yetu ya bahari kuanzia siku mzee wetu alipopanda jahazi. Kumbe bahari ilikuwa na wasafiri wake miaka mia nyingi kabla yake, na walikwenda pande zote mbili.

Msafiri mmoja kati ya hao anatuhusu zaidi. Ibn Battuta wa Tanja alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kwa hesabu ya wanahistoria wengi. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye enzi yake inahusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lile ambalo kuta zake bado zinaonekana juu ya jabali linaloitazama bahari. Kutoka Kilwa alipanda merikebu mpaka Dhofar, na kutoka Dhofar akaendelea kuifuata pwani mpaka maji ya Sur. Yaani huyu ni mtu aliyekwenda, kwa safari moja, kutoka kwa wazee wetu wa upande mmoja hadi kwa wazee wetu wa upande wa pili.

Merikebu ilipotia nanga Sur aliuona mji wa Qalhat kwenye ubavu wa mlima, akadhani uko karibu. Akaamua kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake Mhindi, wakamkodi mtu wa kuwaonyesha njia. Mtu yule akazitamani nguo walizozibeba, akataka kuwavusha katika hori la maji ya bahari ili wazame. Ibn Battuta alimtambua mapema, akawa anatembea na mkuki mkononi. Njia ikawa ndefu, maji yakawaishia, wakalala nje. Alipofika penye lango la mji viatu vilikuwa vimembana hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha. Mlinzi wa lango akamwambia hana budi kwenda kwanza kwa liwali, na liwali huyo akamkaribisha nyumbani kwake. Akakaa siku sita asiweze kusimama kwa miguu yake. Baadaye aliwasifu kwa masoko yao mazuri, na kwa samaki waliobanikwa juu ya majani ya miti na kuliwa kwa wali ulioletwa kutoka Bara Hindi.

Lakini aliwatia ila moja. Alisema kwamba watu wa Qalhat ni Waarabu, ila Kiarabu chao si fasaha: kila wasemapo neno huliongezea "la" mwishoni, kama mtu anayeuliza na kukanusha kwa pamoja.

Nilipofika hapo katika kusimulia, shangazi akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Ni lazima niwaeleze kwa nini. Familia yetu iliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, ikatangatanga, na ikaingia Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Sultani Qaboos alipowaita Waomani walio nje warudi kuijenga nchi. Shangazi alikuwa msichana aliyesoma, anayejua Kiingereza, na aliyehifadhi sehemu kubwa ya Kurani. Lakini alipofungua kinywa sokoni kusema Kiarabu, watu walitabasamu. Walimwita Mzanzibari, na neno hilo halikuwa sifa wakati ule. Kwa miaka mingi alimtuma mtoto wa jirani kumnunulia vitu ili asisikike akisema. Sasa, mbele ya mahame ya mji wa Kiomani wenyewe, anaambiwa kwamba karibu miaka mia saba iliyopita msafiri alisimama hapa hapa akawacheka wenyeji kwa Kiarabu chao. Akasema, "Basi hata wenye Qalhat walichekwa!" Ami naye akatabasamu, maana yeye pia alichekwa, ingawa hakuwahi kulisema hilo mbele yetu.

Hivyo ndivyo miji ya bandari ilivyo. Lugha yake haiwezi kubaki safi, kwa kuwa kila merikebu huacha neno. Nasi tuliolelewa kwa Kiswahili tusingepaswa kuona aibu kwa jambo ambalo ndilo dalili ya kwanza ya mji wa pwani.

Jengo moja tu limesimama katika mahame yale kiasi cha mtu kulitambua kutoka mbali. Ni kaburi la mraba lililojengwa kwa mawe na chokaa, lenye kuta zilizopambwa kwa matao yaliyochongoka, na juu yake kuba ambalo sehemu yake imeanguka. Tulilitazama tukiwa nje ya uzio. Watu wa sehemu hizi wanaliita kaburi la Bibi Maryam.

Bibi Maryam hakuwa mtu wa hadithi. Ibn Battuta alimtaja kwa jina. Alisema kwamba mji ule ulikuwa na msikiti mzuri kuliko misikiti mingi, kuta zake zimepambwa kwa vigae vya kashani, umejengwa mahali palipoinuka panapoitazama bahari na bandari, na aliyeujenga ni mwanamke mcha Mungu, Bibi Maryam. Waakiolojia waliochimba Qalhat katika karne hii wameupata msikiti huo karibu na ufuo, pamoja na vipande vya vigae vyake. Wanahistoria wanamtambua Bibi Maryam kuwa mke wa Baha al-Din Ayaz, aliyekuwa mtawala wa Qalhat na kisha mfalme wa Hormuz, yule yule aliyeuhamishia mji wa Hormuz kisiwani karibu na mwaka 1300. Inasemekana kaburi hili alimjengea mumewe huyo, na baada ya kufa kwake akaendelea kushika mamlaka hapa Qalhat.

Ayaz mwenyewe alikuwa Mturuki aliyeanza maisha yake ya utumishi akiwa mtumwa. Huyu mtumwa ndiye aliyekuja kuwa mfalme, na mkewe ndiye ambaye jina lake limebaki juu ya jengo la mwisho la mji. Nilimwambia ami hayo bila ya kuongeza neno. Hakunijibu.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ibn Battuta aliona inafaa kuwaeleza wasomaji wake wa Maghreb maana ya neno "bibi," kwa kuwa kwao halikuwapo. Alisema kwa watu wa Qalhat maana yake ni "hurra," mwanamke aliye huru. Neno hilo hilo lilisafiri baharini, nasi tunalo. Sisi humwita bibi mama wa mama yetu na mama wa baba yetu. Zamani alikuwa pia mwanamke mwenye heshima zake na mwenye nyumba yake. Na nyumbani kwetu Unguja, mama yake babu, aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto na ambaye hakuwa huru, watoto wote walimwita Bibi.

Shangazi alisikia maneno hayo akiwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, akitazama kuba lile. Akasema polepole, "Mimi nimemkuta. Nilikuwa mdogo, yeye mtu mzima sana. Alikuwa akihesabu mayai ya kuku kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale nyumbani. Akimaliza, anatuambia jumla kwa Kiswahili." Ami alikuwa hajapata kulisikia hilo.

Niseme kidogo juu ya Qalhat ilivyokwisha, maana mwisho wake ndio mwanzo wa habari yetu. Tetemeko la ardhi liliudhuru mji, na biashara ikaanza kupungua. Kisha wakaja Wareno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa na Mombasa. Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque alipita pwani ya Omani. Qalhat ikampa chakula na kupatana naye, lakini Quriyat na Maskati zikachomwa moto. Mwaka uliofuata, 1508, alirejea Qalhat, akaupora mji na kuuchoma, na ule msikiti wa Bibi Maryam ukateketea pamoja nao. Kwa hiyo Kilwa na Qalhat, miji miwili ambayo Ibn Battuta aliijua katika safari moja, iliangukiwa na mkono mmoja ndani ya miaka mitatu.

Qalhat haikuinuka tena, na biashara yake ikahamia Maskati. Wareno wakaishika Maskati, na katika miaka ya 1580 wakajenga zile ngome mbili, Mirani na Jalali, ambazo hata leo zinailinda bandari ya mji wa zamani. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif akawatoa Maskati. Mwanawe, Saif bin Sultan, akawafuata mpaka Afrika, na mwaka 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa ikaanguka. Kutoka hapo merikebu za Omani zikazoea njia ile kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, mpaka Sayyid Said bin Sultan akahamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na wazee wetu wakamfuata.

Tunapenda kuisimulia sehemu hii ya habari, na inastahiki kusimuliwa. Lakini nyuma ya Sayyid Said walikuja pia mashamba ya karafuu, na mashamba yalilimwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Wanawake baadhi yao waliingizwa majumbani kuwa masuria. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, lakini biashara iliendelea kwa siri. Amri ya mwaka 1897 iliufuta utumwa kisheria, ila masuria hawakuingizwa humo. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1909. Kwa muda wa miaka kumi na miwili mtumwa wa shambani aliweza kwenda kudai uhuru wake, na mama yake babu hakuweza.

Sheria ilimlinda mtoto: mwana wa suria aliyezaliwa na bwana wake alikuwa huru, na nasaba yake ilikuwa ya baba kamili. Ndiyo maana jina la babu limo ndani ya fremu bila ya alama yoyote. Wala hapakuwa na haya katika jambo hilo, kwani hata watoto wa Sayyid Said waliomrithi, Thuwaini hapa Maskati, Majid na Barghash kule Unguja, wote walizaliwa na masuria. Sheria ilimwandika mtoto, na desturi ikamsahau mama. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said huyo huyo, alipochapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, alimwandika mama yake kwa jina, Jilfidan, suria wa Kicherkesi, na akaeleza alivyochukuliwa kutoka kwao akiwa mtoto. Binti wa mfalme hakuona kwamba jina la mama yake linampunguzia kitu. Sisi tusio wafalme tuliona.

Tuliporudi kutoka Sur, siku mbili baadaye, hapakuwa na mazungumzo mengi garini. Tulipita tena Qalhat wakati wa alasiri, kuba likiwa na mwanga wa jua upande mmoja. Shangazi alilisomea Fatiha kwa sauti ndogo. Baada ya Tiwi, ami akaniuliza bila kugeuka, "Jina lake unalijua?" Nikamjibu kwamba nalijua lile aliloitwa nyumbani. Jina alilopewa na mama yake mzazi hakuna alijuaye tena, wala kabila lake, wala mji wake. Liko jina la nyumbani tu, na hesabu ya mayai.

Wiki iliyofuata aliniita kwake. Rasimu ya shajara mpya ilikuwa mezani, bado haijapelekwa kwa mwandishi wa khati. Akanionyesha mahali penye jina la babu, akasema, "Andika pale pembeni. Lakini kwa penseli kwanza. Nataka niwaulize wengine." Nikaandika. Jina lake siwatajii hapa, kwa kuwa ni la watu wa nyumbani, na mwenye idhini ya kulitoa nje ni shangazi. Lakini limeandikwa, na mbele yake nimetanguliza neno moja: Bibi.

Mpaka ninapoandika maneno haya, ami hajaamua kama litapigwa wino. Wazee wawili wamekubali, mmoja amekataa, na wa nne amesema tumngoje mpaka atakapokuja Ramadhani. Shangazi hasemi kitu. Kila akija kututembelea huomba karatasi ile, huivalia miwani, huitazama pale pembeni, kisha huirudisha mezani.

Nawaomba nanyi, ndugu zangu, kabla wazee hawajaondoka: waulizeni majina ya mama zao, na ya mama wa baba zao. Msiishie kwenye jina peke yake. Ulizeni alikotoka, na neno gani alilokuwa akilisema ambalo wengine hawakulijua. Waandikeni wote, walioolewa kwa arusi kubwa na walioletwa kwa jahazi usiku. Na ikiwa mzee wenu atakataa, andikeni kwa penseli.

Wassalaam.